Tochi ya Mabuye Manne

Kilolirwe, tarehe 6 mwezi wa tatu 2022

Kwa Bénita Uwingabire,

Nakusalimia wewe na nyumba yenu yote ya Mapendo huko Goma, hata wale wasiotaka salamu yangu. Huku tuko wazima. Mvua imekaza, majani ni marefu, ng'ombe zinakula mpaka zinasahau kurudi. Maziwa ni mengi, na jibini yetu, fromaji, inatoka vizuri. Binti wa jirani yetu Baharanyi amezaa mapacha, na wote wawili wana sauti ya babu yao.

Sasa jambo lenyewe. Ndama ya ng'ombe yangu Gaju imekufa. Ilikuwa jike, rangi ya mama yake, na kila asubuhi nilikuwa ninaitazama nikisema hii ndiyo nitazeeka nayo. Jumatano jioni ukungu ulishuka mapema, na mudogo wako Moïse alikuwa bado anarudisha ng'ombe. Mukononi alikuwa na ile tochi yako uliyotutumia kabla ya Noeli kwa Samy, dereva wa gari ya fromaji, ile uliyojivunia eti inaangaza kutoka kilima hiki mpaka kile. Ikazimika. Ndama ikapotelea upande wa bonde, tukabaki kuisikia tu ikiita. Asubuhi tuliikuta chini, kati ya mawe.

Unajua desturi ya nyumba yetu, na kama hauijui ni kwa sababu baba yako alitoka huku kijana akaenda kuwa mutu wa muji. Mutu akipoteza ndama wakati wa kuchunga, anabaki ku ng'ombe mpaka ingine izaliwe na iache kunyonya. Hatupigi, hatufukuzi. Anabaki, basi. Kwa hiyo ile habari ya Moïse kushuka Goma mwezi wa saba ili aanze sekondari imekwisha. Ambia mama yako. Mimi na yeye hatujasemeshana tangu matanga ya baba yako, na sitaanza leo.

Usitume tochi ingine.

Shangazi yako,
Mukashyaka


Goma, tarehe 19 mwezi wa tatu 2022

Shangazi Mukashyaka,

Pokea salamu zetu. Barua yako ilifika katikati ya fromaji, na mpaka sasa inanukia. Hapa tuko. Mama yangu Lucie anaendelea kusafisha bureau za watu kule Himbi na anarudi na miguu imevimba. Mimi niko cinquième, section électricité. Wasichana tuko watatu tu darasani, na mimi ndiye siinui mukono hata nikijua jibu. Unanijua. Noeli nilikaa jikoni kwako likizo nzima na sidhani nilisema zaidi ya "ndiyo" na "asante". Mbele ya macho yako maneno yangu yanageuka yanarudi ndani. Ku karatasi hayarudi. Utanisamehe, au hautanisamehe.

Pole kwa ndama. Ninasema kweli, mama pia aliweka ndoo chini akakaa aliposikia, hata kama atakataa nikuandikie hivyo.

Lakini tochi yangu haiwezi kufa kwa jioni moja ya kuchunga. Ndani yake niliweka mabuye manne, ni kusema mawe ya betri, yale yanayotoka mu kompyuta zilizokufa, na nilipima kila moja kabla ya kulikubali. Kuna namna mbili za kuyapanga. Ya kwanza tunaita seri: yanafuatana, kichwa ku mukia, kama watu wanapanga mustari wanapitishana bidoni za maji kutoka ziwani. Nguvu inapanda, lakini mumoja akitoka mu mustari, maji hayafiki. Tochi za duka ulizozoea ziko hivyo. Toa jiwe moja, unabaki gizani. Ya pili ni paraleli: yanakaa sambamba, vichwa vyote upande mumoja, kama vijana wanne wanasukuma chukudu moja, ile baiskeli ya mbao ya mizigo. Kijana mumoja akiacha, chukudu bado inaenda. Mwendo ni uleule, ila wanne wanafika mbali na wawili wanachokea njiani.

Mwenzangu wa darasa, Buhendwa, alinicheka. Alisema na seri ningepata mwanga wa kutoboa ukuta. Mimi nilichagua paraleli kwa sababu ya Moïse. Nilifikiri: jiwe moja likiharibika kule ku mulima, mutoto asibaki bila mwanga.

Yakijazwa muchana ku panneau ya jua ya nyumba yako ya fromaji, mabuye manne yanavuka jioni na yanabakiza. Kwa hiyo ninauliza, na ninauliza kwa heshima: nani mwingine aligusa tochi?

Moïse ana miaka kumi na mitatu. Alikuja kwako likizo kubwa ya mwaka jana, ukaomba abaki mwaka mumoja kwa sababu muchungaji wako alikuwa ameondoka. Tulikupa mwaka. Usiugeuze kuwa miaka kwa sababu ya ukungu.

Bénita


Kilolirwe, tarehe 10 mwezi wa ine 2022

Bénita,

Salamu kwako. Jibu limekawia kwa sababu barabara ilikatika baada ya Sake na Samy alilala na gari yake mu matope. Huku mapacha wa kwa Baharanyi wamebatizwa. Gaju ilikataa kula kwa muda, sasa imeanza. Inaita bado.

Noeli nilifikiri kaka yangu Nsanzimana alizaa bubu. Kumbe alizaa avoka wa mahakama. Nilitafuta heshima ndani ya barua yako nikaikuta mahali pamoja tu, pale ulipoitaja kwa jina. Mutoto anamuuliza shangazi yake "nani aligusa", kama polisi. Huku kwangu nani anaweza kugusa? Mbuzi?

Mimi sikuenda kusoma umeme. Nilizaliwa na taa ya mafuta na nimekamua ng'ombe kabla mama yako hajajua maziwa yanatoka wapi. Lakini macho ninayo. Mabuye manne, mabuye manne, unaimba. Ya nini? Hata na mawili iliwaka vilevile, hakuna tofauti, nilitazama mwenyewe. Mulipenda tu kutuonyesha kwamba kule Goma vitu vimejaa mpaka vinamwagika.

Moïse anakula vizuri. Amekuwa murefu, suruali zake zimekuwa fupi. Sasa anakamua Gaju peke yake, na ng'ombe ile haikubali mukono wa kila mutu. Hajalalamika. Ni wewe tu unalalamika, na wewe haujakanyaga mavi ya ng'ombe tangu Noeli.

Anabaki.

Mukashyaka


Goma, Jumatatu ya Pasaka, tarehe 18 mwezi wa ine 2022

Shangazi,

Pasaka njema. Sisi tulikwenda misa, tukala mbaazi, mama akalala. Hiyo ndiyo habari yote ya nyumba, maana nina haraka ya kufika mahali panapouma.

Umeandika: hata na mawili iliwaka vilevile, nilitazama mwenyewe.

Nimesoma mustari huo mpaka nikaujua kwa moyo. Namna gani ulitazama, Shangazi? Ili mutu aone tochi ikiwaka na mabuye mawili, lazima kwanza atoe mawili. Wewe uliyatoa. Ulifungua, ukatoa jiwe moja, ukangoja giza kama ku tochi za duka, giza halikuja. Ukatoa la pili, bado inawaka. Ukasema: haya ni ya kupita kiasi. Na ninajua yalikwenda wapi, kwa sababu Samy amemuambia mama siku hizi unageuza fromaji kabla ya alfajiri chini ya taa nyeupe, wakati zamani ulikuwa unalalamika moshi wa mafuta. Mama alifurahi kwa ajili yako. Mimi pia nilifurahi, ona.

Tochi ilikuwa inawaka vilevile, ndiyo. Lakini ilikuwa na nusu ya njia. Ulimutuma mutoto mu ukungu na chukudu ya vijana wawili, na ulipoona imesimama njiani, ukasema ni kosa la mutoto. Ulijua. Tangu mwezi wa tatu ulijua, na kila jioni unamutazama akila ugali mbele yako akiamini aliua ndama.

Nilipanga paraleli ili asibaki gizani, na ni hiyo paraleli ilikuruhusu umuibie mwanga bila mutu kuona. Hiyo siwezi kuimeza. Ningekuwa mbele yako nisingesema hata neno moja, lakini siko mbele yako.

Rudisha mabuye mawili mahali uliyatoa. Leo hii, usingoje kesho. Na umuambie Moïse.

Bénita


Goma, Ijumaa tarehe 22 mwezi wa ine 2022

Shangazi,

Salamu fupi. Barua hii isome mbele ya kila kitu, na kama ile ya Pasaka haujaifungua, iache.

USIRUDISHE yale mabuye mawili bado. Leo mwalimu wetu, Monsieur Zihindula, alikuwa anafundisha paraleli, akasema kitu nilichokuwa ninakijua tangu mwaka jana, nikafungua daftari kukuandikia palepale. Mabuye ya paraleli lazima yawe sawa, yote yamejaa au yote yamekwisha. Ukiweka lililojaa kando ya lililokwisha, lile la nguvu linamwaga nguvu yake yote kwa mwenzake kwa mara moja, bila hata kuwasha tochi. Yanapata moto. Yanaweza kutoa moshi, yanaweza kupasuka.

Yale ya taa yako bila shaka yamekwisha, na yale ya tochi yanajazwa kila siku. Yajaze yote manne kwanza, kila moja peke yake. Au acha kabisa. Acha kabisa ni vizuri zaidi.

Nimekwenda nyumbani kwa Samy. Gari yake iko garage, amesema itapanda ikitoka. Nimemuomba aitume barua hii na mutu wa pikipiki, akasema kwa barabara ile hakuna anayekubali. Nimeuliza ku parking ya magari ya Masisi na sauti yangu, mimi mwenyewe, mbele ya wanaume, na hakuna anayefika kilima chako, na simu haishiki huko.

Bénita


Kilolirwe, tarehe 8 mwezi wa tano 2022

Bénita,

Salamu. Anayeandika ni Moïse, mimi ninasema. Mukono wangu wa kuume una kazi ingine.

Mvua imepungua. Ng'ombe mbili zina mimba, hazijasema ni lini. Fromaji imepungua pia.

Barua yako ya pili imefika jana na Samy. Imefika wakati haina tena kazi. Ile ya Pasaka ilifika kwa wakati wake, asante, na nilifanya ulivyoagiza. Tochi iko mu shimo la takataka.

Hauna sababu ya kuniandikia tena.

Mukashyaka

Yaya Bénita, dada yangu, Shangazi ameenda kutazama maji ya ng'ombe, ninaongeza haraka. Barua yako ya Pasaka aliisoma amesimama, akairudia. Alienda mu nyumba ya fromaji akatoa mabuye mawili ku taa yake, ile taa ilikuwa imezimika kabisa. Akaniita. Akasema, "Kuja uone kwa macho yako, ili umuandikie dada yako kama nimerudisha." Aliyapanga mu tochi pamoja na yale yaliyojaa, akafunga kifuniko, akaishika kungoja nione vizuri. Tochi ikapata moto kama sufuria, ikaanza kulia fyuu. Mimi nilikuwa nimesimama mulangoni, nyuma yangu kuna majani makavu ya kufungia fromaji. Hakuitupa. Aliishika vilevile, akanisukuma na bega, akapita mpaka nje, na ni kule aliitupa mu matope. Ngozi ya kiganja ilibaki ku chuma. Muganga wa dispensaire amefunga, anasema itapona lakini kwa vidole viwili hawezi kujua mapema.

Hawezi kukamua. Ninakamua zote mimi. Wewe na mama na yeye munaandikiana juu yangu, na hakuna aliyeniuliza. Ninataka kushuka. Ninataka kusoma, hata uniform nimeiota. Lakini siwezi kuacha ng'ombe bila mukono. Anakuja.

Moïse


Goma, tarehe 15 mwezi wa tano 2022

Shangazi Mukashyaka,

Salamu kwako na kwa mukono wako. Mama ameuliza hali yako. Aliuliza akiwa ananipa mugongo, anaosha sahani, lakini aliuliza.

Sijui namna ya kuanza, kwa hiyo ninaanza vibaya. Ni mimi niliandika "leo hii, usingoje kesho". Sheria ya mabuye yasiyo sawa nilikuwa ninaijua. Ningeulizwa mu mutihani ningeandika jibu na kupiga mustari chini. Lakini siku ile sikuwa ninawaza umeme, nilikuwa ninawaza namna ya kukuumiza, na nilitafuta maneno yanayochoma. Nimepata zaidi ya niliyotafuta. Tangu barua ya Moïse ifike, kila nikikunja kiganja changu ninasikia aibu ndani yake.

Ulipita na moto mbele ya mudogo wangu badala ya kuutupa. Sitalisahau hilo.

Lakini usifikiri nimemaliza. Aibu yangu haifuti ya kwako. Mutoto anabeba ndama ya watu wawili wakubwa, na hata alipokuona ukirudisha mabuye haukumuambia. Ninajua haujamuambia kwa sababu angeniandikia. Barua zangu zote zilikwenda kwako, yeye hazisomi. Ungekuwa umemuambia, ningepumzika leo.

Sasa sikiliza. Desturi yako inasema aliyepoteza ndama abaki ku ng'ombe. Sawa. Ndama ilipotezwa na tochi, na tochi iliharibiwa na mikono miwili: wewe uliyetoa bila kuuliza, na mimi niliyeipanga namna isiyo ya kawaida na sikukueleza, kwa sababu Noeli niliogopa kukusemesha nikamueleza Moïse peke yake. Mikono ni ya kwako na ya kwangu. Ya Moïse haimo. Wewe uko huko tayari. Kwa hiyo anayekosekana ni mimi.

Masomo yanafungwa mwanzo wa mwezi wa saba. Nitapanda na Samy. Nitakamua likizo yote, na Moïse atashuka na gari ileile, mama atamuandikisha. Masomo yakifunguliwa na mukono wako haujapona, nitabaki mpaka upone, nitapoteza mwaka mimi. Mama amelia, halafu amekubali.

Sikuji kwa upendo. Ninakuja ili atoke.

Bénita


Goma, tarehe 12 mwezi wa sita 2022

Shangazi,

Salamu. Samy ameshuka mara mbili na fromaji bila barua. Nimeuliza kama alisahau barua yako, amesema ulimutazama tu ukamupa mufuko. Mutihani unaanza kesho. Mama ananunua madaftari ya Moïse, moja moja, na anayaficha chini ya kitanda kama dawa.

Kama unanyamaza ili nichoke, mimi ndiye mutu wa kunyamaza mu ukoo huu. Hautanishinda kwa hilo.

Bénita


Kilolirwe, tarehe 26 mwezi wa sita 2022

Bénita,

Salamu. Herufi ni mbaya kwa sababu ni za mukono wa kushoto, usione ni uzee.

Kwa ufupi. Vidole viwili havikunji. Gaju ilimupiga teke jirani Baharanyi alipojaribu kusaidia, kwa hiyo usije na viatu vya kanisa.

Nimemuambia Moïse. Nilimuambia mu zizi, tukiwa wawili, nikiwa nimemupa mugongo kama mama yako na sahani zake. Nilisema ni mimi nilitoa mabuye na nilinyamaza. Alimaliza kukamua, akabeba ndoo mbili, na mulangoni akasema, "Shangazi, nilikuwa ninajua. Nilikuwa ninajaza mawili kila siku, sikuwa kipofu." Mutoto alijua tangu mwezi wa tatu na alikula ugali mbele ya uso wangu. Hamunyamazi tu nyinyi, munanyamaza na akili.

Nilimuuliza kwa nini hakujitetea. Amesema, "Kwa sababu wewe ulikuwa unaona vizuri na ile taa."

Sijalala vizuri tangu siku ile, na sikuandikii ili unihurumie.

Haunipendi, na mimi bado sijakupenda. Ulinichoma, na nilikupa kuni. Lakini kitanda kipo, na ugali utakula. Utanisemesha kwa mudomo. Ukitaka kitu utasema, ukikataa utasema, hata kama sauti inatoka kama ya panya. Ng'ombe hazijibu barua.

Gari inafika Jumamosi, inapakia fromaji, inageuka palepale kwa sababu ya barabara. Mutakutana ku mulango wake, wewe unashuka, yeye anapanda. Semeni haraka yale ya kusema. Samy hangoji, na mimi nitakuwa nimesimama pale na ndoo yako.

Mukashyaka